Ganzi ya Heshima

Kila mgonjwa aliyetetemeka kwenye kiti cha yule daktari wa meno alisimuliwa habari za mkwe. Daktari alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, miwani moja puani na nyingine ikining'inia kifuani, na watu walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu katika miaka thelathini ya kazi hakuna aliyewahi kutoka chumbani mwake akilalamika kwamba ameumizwa. Mgonjwa akianza kung'ang'ania mikono ya kiti na kuuliza kama itauma, Mkono Mwepesi alishusha barakoa, akatabasamu, akasema, "Hapo ulipokaa wewe, alikaa mkwe wangu. Gego la chini, mizizi imepinda kama ndoana. Hakupepesa hata ukope. Ndipo nikasema, huyu nampa binti yangu."

Mkwe mwenyewe alikuwa fundi umeme. Kwa kuwa ndiye aliyetandaza nyaya za kliniki ile, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la rangi za nyumba, na ndiye aliyeitwa kila taa ilipoleta ukorofi, mara nyingi hadithi hii ilisimuliwa yeye akiwa juu ya ngazi, kichwa kimo darini. Wagonjwa waliinua macho wamtazame huyo shujaa, wakaona suruali na viatu. Fundi alikaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza.

Ukweli ni kwamba siku ile aliumia kupita alivyowahi kuumia mahali popote, ukijumlisha na ile mara aliyopigwa shoti akaporomoka kutoka juu ya nguzo.

Fundi alikuwa mmoja wa wale watu ambao sindano ya ganzi huwapitia pembeni. Alilijua hilo tangu ujana. Mara ya kwanza, katika hospitali kubwa, alichomwa, mdomo ukawa mzito kama wa kuazima, akajiona yuko salama. Koleo lilipogusa jino aliruka mpaka trei ya vyombo ikaenda chini. Daktari akamwambia aache uoga. Mara ya pili, kwa daktari mwingine, alichomwa sindano mbili. Mdomo ukafa, kidevu kikafa, jino likabaki hai kama lilivyoota. Huyo alimwambia ana wasiwasi, apumue polepole. Fundi alipumua polepole na maumivu yakamwingia polepole. Tangu hapo akakata shauri kwamba kasoro ni yake mwenyewe, haina dawa, na kwamba meno yake yaliyobaki yatajifia kifo cha kawaida.

Lakini jino halina adabu. Lilichagua wiki ya posa.

Aliingia sebuleni kwa wakwe watarajiwa shavu limevimba kama mtu aliyeficha limau. Mama wa msichana, ambaye hakupendezwa hata kidogo na habari ya binti yake kuolewa na mtu wa kupanda nguzo, hakumsikiliza mshenga, alilitazama shavu. Kesho yake saa tatu asubuhi kijana alikuwa kitini, kinywa wazi mbele ya mama mkwe, jambo ambalo peke yake latosha kumwua mtu mwenye malezi. Akachomwa. Wakangoja. Mama akauliza, "Umekufa ganzi, mwanangu?"

Sasa hapo jibu ni lipi? Kusema hapana ni kumwambia mama wa watu, mwenye vyeti vinne ukutani, kwamba sindano yake haifai. Ni kumwambia vilevile kwamba binti yake anaposwa na mwoga. Kijana alijibu kwa upole, "Kabisa, mama."

Yaliyofuata yalichukua dakika kumi na saba. Alizihesabu zote kwenye saa ya ukutani, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushikilia. Alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu mpaka soksi zikatoboka. Chozi moja lilimponyoka, na mama, mtu mwenye huruma, akasogeza taa akidhani mwanga unamchoma macho. Jino lilipotoka alisema asante.

Jioni ile Mkono Mwepesi aliwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba mwanamume anayetulia namna ile hawezi kumfokea mke. Posa ikapokewa. Kwa hiyo ndoa ya miaka kumi na mmoja, mtoto, na heshima yote aliyokuwa nayo ukweni, vyote vilikuwa vimesimama juu ya neno moja, "kabisa". Na tuseme haki: hakuwahi kumfokea mkewe. Alikuwa amezoea kunyamaza.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka tisa, na aliitwa Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla hajafumbua macho vizuri. Yeye na bibi yake walitaniana kama wake wenza. Akisema shikamoo, bibi alijibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Leo umekuja kuninyang'anya nini?" Chiriku alitaja kitu, na mara nyingi alipewa.

Basi gego lake la chini kulia lilipotoboka, hapakuwa na haja ya kuuliza ataenda kwa nani. Mama yake alimpeleka siku ya Jumanne. Habari zilizomfikia fundi jioni zilikuwa hizi: Chiriku alichomwa sindano bila tatizo. Mdomo ulipokufa alicheka, akauvuta, akasema ni wa mtu mwingine. Mashine ilipogusa jino akapiga kelele. Bibi akamfinya mdomo na kumwuliza kama anasikia. Hasikii. Basi umekufa ganzi, bibi akasema. Mdomo ndiyo, Chiriku akajibu, jino bado. Bibi akaona huo ni ubishi wa watoto, akaendelea kidogo tu, nukta moja. Chiriku akafunga kinywa, na kidole cha bibi kilikuwa humo ndani.

Mkono Mwepesi alikuja nyumbani kwao usiku haujaingia, kidole kimefungwa bandeji kubwa kuliko jeraha. Alikaa, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Mmemdekeza," alisema. "Baba yake alikaa pale kama picha ya ukutani. Mtoto anang'ata kama mbwa. Sijui damu hii kaitoa wapi."

Fundi aliangalia ndani ya kikombe chake. Mkewe akajaribu kusema kwamba labda ganzi haikuingia sawasawa.

"Mwanangu, miaka thelathini. Ganzi haishindwi. Mtu ndiye hushindwa." Kisha akamgeukia mkwewe kwa sauti ya mtu anayetoa nishani. Jumamosi Chiriku aletwe tena, na safari hii baba yake aje mwenyewe amshike miguu, maana kwanza ana nguvu, na pili mtoto akimwona atajifunza. Fundi alisema, "Sawa, mama." Angesema nini?

Ijumaa alasiri alikuwa kibarazani akifungua pasi iliyoungua waya, Chiriku amechuchumaa pembeni akimpa maelezo ya kila kitu ambacho yeye alikuwa anakiona kwa macho yake. Katikati ya maelezo hayo, bila kubadilisha sauti, mtoto aliuliza kama ni kweli baba alipong'olewa jino hakuumia.

"Sikuumia," fundi alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Chiriku alinyamaza. Ilikuwa nadra, na baba yake aliinua kichwa aone kuna nini. Mtoto alikuwa akiangalia skrubu za pasi zilizopangwa juu ya gazeti.

"Basi ni mimi tu," alisema.

Fundi alitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka nyuma ya meno. Lakini alimjua mwanawe: jambo likiingia sikioni mwake saa kumi, saa kumi na nusu mtaa mzima umeshiba. Akamwambia bibi hawezi kumwumiza mke mwenzake, akaendelea na pasi. Aliirudisha vibaya, ikabidi aifungue tena.

Jumamosi benchi la kungojea lilikuwa na watu watano, na mlango wa chumba cha matibabu ulikuwa wazi nusu kwa sababu ya joto. Harufu ya rangi ilipanda kutoka dukani. Nesi, dada mmoja mwenye macho ya kucheka juu ya barakoa, alimfunga Chiriku kitambaa kifuani. Fundi alisimama mwisho wa kiti, akazishika nyayo za mwanawe, kila mkono na mguu wake. Mkono Mwepesi alichoma sindano vizuri sana; hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Walipokuwa wakingoja ishike, akasimulia tena, kwa sauti ya kuwatosha na wa benchini, habari za mtu aliyekaa hapo bila kupepesa ukope. Kisha akashika mashine kwa mkono wenye bandeji.

"Haya. Umekufa ganzi, mke mwenzangu?"

Chiriku hakumtazama bibi. Alimtazama baba yake, muda mrefu kidogo, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Kabisa, bibi," alisema.

Na ndani ya viganja vyake fundi alisikia vidole kumi vidogo vya miguu vikijikunja.

Mtu aliyefanya kazi na umeme miaka ishirini huwa na mkono unaoamua kabla ya kichwa. Aliziachia nyayo, akanyoosha mkono juu ya kifua cha mtoto, kati ya mashine na mdomo.

"Mama, ngoja," alisema. "Hajafa ganzi. Anasema uongo. Nilimfundisha mimi."

Mkono Mwepesi aliondoa mguu kwenye pedali, mashine ikanyamaza. Alisema mtoto amejibu mwenyewe, na kwa adabu kuliko Jumanne.

"Hata mimi nilikujibu kwa adabu, mama. Jino langu lilikuwa hai. Dakika kumi na saba."

Kule benchini mtu alikohoa, kisha akajilaumu kwa kukohoa. Nesi aligeukia sinki akaanza kuosha kitu kilichokuwa safi. Chiriku alikuwa ameinuka nusu, mdomo wake wa chini umelegea upande mmoja, macho yamemtoka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na la kusema akashindwa aanzie wapi.

Mkono Mwepesi aliamuru mtoto apelekwe nje kwa mama yake, aliyekuwa akingoja ngazini, na mlango ufungwe. Kisha akavua miwani ya puani, akavaa ya kifuani, akamtazama mkwewe kama anayetazama picha ya eksirei.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Nimekusimulia kwa watu. Nimekusimulia kwenye mkutano wa madaktari."

"Nisamehe, mama."

"Mdomo wako ulikuwa umekufa. Niliupima."

"Mdomo ulikuwa umekufa. Jino lilikuwa hai. Na hili la Chiriku ni hivyohivyo, alikwambia Jumanne."

Mama akasema hilo haliwezekani. Ukizima shina la mshipa, matawi yote yamezimika. Hapo fundi, ambaye kwa habari za meno alikuwa mtoto mdogo, alijikuta amefika kwenye jambo analolijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Akamwambia kwamba yapo majumba ya namna hiyo. Unashusha swichi kubwa, nyumba nzima giza, unaenda kwa raha zako kufungua soketi ya chumba cha nyuma, inakurusha. Kwa nini? Kwa sababu fundi wa zamani aliyejenga aliipitishia soketi ile waya wake peke yake, kutoka upande mwingine. Mwenye nyumba hajui. Ataapa mbele yako kwamba umezimwa.

"Ndiyo maana sisi waya hatuuulizi, mama. Tunaupima."

Mkono Mwepesi alikaa kwenye kile kigoda chake cha magurudumu. Alikuwa na kiburi, lakini alikuwa msomi pia, na kuna siku hivi viwili hugombania kiti kimoja. Alisema polepole kwamba vitabuni upo mshipa mdogo wa fahamu, ambao kwa baadhi ya watu hupita upande wa ulimi na kuingia kwenye gego kwa mlango wa nyuma, mahali sindano ya kawaida haifiki. Aliulizwa habari zake kwenye mtihani, akapata. Lakini katika miaka thelathini hajawahi kukutana na mgonjwa aliye nao.

"Umekutana nao, mama. Wamekuheshimu tu."

Fundi aliona mama mkwe anahesabu kichwani. Baada ya muda mama akasema, kama anayejisemea, kwamba mwalimu mkuu mmoja mstaafu aling'olewa meno mawili mfululizo na hakusema neno.

"Alipoulizwa alijibuje?"

"Alisema, 'Barabara, daktari.' Na yule mama wa duka la rangi hapo chini, yeye alinishika mkono akasali."

"Alisali muda gani?"

Mkono Mwepesi alimtazama. "Muda wote," alisema.

Nesi alitoka chumbani haraka, mabega yakimtikisika.

Kisha mama akainuka na kuwa daktari tena. Akampangusia kiti. Fundi akauliza cha nini. Cha kupimia, mama akasema. Huwezi kuja na maneno ya waya na soketi kwenye chumba changu, ukaondoka bila kupimwa. Aliona tangu siku nyingi kwamba mkwewe anatafunia upande mmoja. Gego la kushoto chini linamsumbua tangu lini? Fundi alisema tangu juzi. Mama akamwuliza tena. Akasema tangu miaka sita.

Akachomwa sindano ya kawaida. Mdomo ukafa, kidevu kikafa, kama desturi. Mkono Mwepesi akapuliza dawa ya baridi kwenye kipamba kidogo, akakigusisha kwenye gego. Baridi ilimpiga fundi mpaka nyuma ya jicho. Akatulia tuli.

"Unasikia?"

Ulimi wake, uliofunzwa miaka kumi na mmoja, ulikataa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba ganzi ya heshima ni kali kuliko ile ya kwenye kichupa.

"Wewe," mama alisema, kipamba kikiwa palepale, "nakuuliza mimi daktari, si mama mkwe. Unasikia au husikii?"

"Samahani sana, mama," fundi alisema, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. "Inauma vibaya."

Mkono Mwepesi alishika sindano nyingine, akasogeza ulimi wake kando kwa kioo, akachoma kidogo tu upande wa ndani, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumchoma. Wakangoja dakika tano, na hakuna aliyesimulia hadithi. Akagusisha kipamba. Fundi alingoja baridi ije. Akaendelea kuingoja. Alifumbua macho akaona kipamba kimo kinywani tayari, kimo kitambo, na mama mkwe amemwinamia anamchunguza uso.

"Nini?"

"Hakuna kitu," fundi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa ana nyumba asiyoijua. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Chiriku akarudishwa. Bibi alimwambia mbele ya baba yake na mama yake kwamba Jumanne alisema kweli na bibi hakumsikiliza; kisha, kwa kuwa mtu habadiliki wote kwa siku moja, akaongeza kwamba hata hivyo kung'ata ni tabia mbaya. Akamchoma kile kipande cha ndani, akapima kwa kipamba mara mbili, akatoboa, akasafisha, akaziba. Chiriku alizungumza muda wote, kwa hiyo kazi ya dakika ishirini ilichukua arobaini. Mara ya mwisho aliposema "kabisa", baba yake alizishika nyayo zake akakuta vidole vimelala.

Wagonjwa watatu kati ya wale watano walikuwa bado wanangoja. Mkono Mwepesi akaona kwamba ganzi ya mkwewe haijaisha na ni dhambi kuiacha ipotee bure. Lile gego la miaka sita litoke leo. Fundi alipanda kitini kwa moyo mweupe. Akapimwa tena: hakuna kitu. Koleo likashika. Hakusikia chochote ila uzito, kama mtu anayesukumwa kwenye foleni. Alikuwa anawaza jinsi jambo hili lilivyo jepesi, na jinsi watu wengine wote walivyokuwa wakilijua siku zote, pale mzizi ulipolia kwah ndani ya taya.

Taya lilikuwa limekufa. Masikio hayakuchomwa sindano. Mlio ule aliujua. Mara ya mwisho kuusikia alikuwa akiposa. Sauti ikamtoka ambayo hata yeye hakuifahamu, ndefu, nzito, yenye miaka yote ndani yake. Chini dukani mtu alidondosha kopo. Miguu miwili ikasikika inashuka ngazi, kisha mingine minne.

Mkono Mwepesi aliliachia koleo kama lililoshika moto.

"Inauma?"

"Haiumi, mama," fundi alisema, na ilikuwa kweli tupu.

Mama alimtazama. Alichukua kipamba, akapuliza dawa, akagusa mbele, nyuma, upande wa ulimi, huku akimtazama usoni. Fundi alirudia kwamba haiumi, haki ya Mungu haiumi, ni mlio tu umemshtua. Akaapa. Kadiri alivyoapa ndivyo uso wa mama mkwe ulivyozidi kukunjamana. Nesi alichungulia mlangoni kusema kwamba benchi ni tupu. Jino lilikuwa limesimama nusu ndani, nusu nje.

"Sikiliza, mwanangu," Mkono Mwepesi alisema mwishowe, akivuta kigoda karibu. "Haiumi ya leo, au haiumi ya siku ile?"

"Ya leo, mama."

Akafikiri kidogo. Kisha akamwambia nesi ajaze sindano nyingine.